Shada Lililofika Kabla ya Kifo

Saa moja na robo asubuhi, Alhamisi. Katika Soko la Kenyatta makaa ya nyama choma bado hayajashika, na wasusi wa nywele wanafagia mbele ya vibanda vyao. Jacklyne Nanjala ameshachemsha maji, ila si ya chai. Anashika jani la kitambaa lenye rangi ya chungwa lililoiva, analipitisha juu ya mvuke wa sufuria, analinyoosha kwa kidole gumba na kuliweka kando. Kisha lingine. Ana majani zaidi ya mia mbili ya kunyoosha kabla ya saa nne.

Majani haya bandia yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa mbali, wa nchi ambako miti hubadilika rangi na kupukutisha majani kila mwaka kabla ya baridi kuingia. Huko watu huyapambia nyumba zao. Hapa Nairobi, yakishapita mikononi mwa Nanjala, huenda makaburini.

Shada la leo ni la Kiarie, mpima ardhi wa miaka thelathini na minane aliyefariki Ijumaa iliyopita. Nanjala hakuwahi kumwona akiwa hai. Mama wa marehemu, Wangeci, anamkumbuka vizuri. Saa nne atafika kuchukua shada la mwanawe. Mara ya mwisho walipokutana, mama huyo alikataa kumpa Nanjala mkono.

“Sijui ataniambia nini,” Nanjala anasema bila kuinua uso. “Na mimi sijui nitamwambia nini. Pole nilishasema. Haikutosha.”

Ochola, mchoma nyama wa kibanda cha pili, anapita na karai la makaa. Ana utani wake wa kila asubuhi, akiona tu duara limetundikwa kwenye nguzo ya kibanda.

“Mama Ivyne, nani ametuacha leo?”

“Mbuzi wako.”

“Huyo ameacha wajane watatu. Mfungie ka shada kadogo.”

Siku nyingine wangeendelea hivyo hadi wateja wafike. Leo Nanjala hacheki. Ochola anasimama kidogo, anaelewa, anaenda zake.

Nanjala ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Kimilili na akaja Nairobi akiwa na miaka ishirini kufanya kazi za nyumbani. Anaishi mtaa wa Satellite na binti yake Ivyne, katika chumba kimoja ambacho nusu yake ni magunia ya majani.

Ufundi wake aliupata Lavington, katika nyumba ya mwanamke mgeni aliyemfanyia kazi miaka tisa. Kila Septemba mwanamke huyo alitoa sanduku stoo na kuanza kupamba: maboga ya plastiki kwenye ngazi, masuke ya ngano mezani, na mlangoni duara kubwa la majani mekundu.

“Mwaka wa kwanza nilishtuka,” Nanjala anakumbuka. “Nilitoka kumwaga takataka, kurudi nikapata shada kwa mlango. Nikajua kuna mtu amekufa na hawataki kuniambia. Siku nzima nilifanya kazi nimenyamaza. Jioni nikamwambia, ‘Madam, pole sana.’ Akaniuliza, ‘Pole ya nini?’”

Mgeni huyo alicheka, akamweleza, akamfundisha kuyafunga. Nanjala alijifunza haraka. Alijifunza hata akasahau kwamba siku ya kwanza aliogopa. Kusahau huko kungekuja kumgharimu.

Mgeni aliporudi kwao, Nanjala alibaki bila kazi. Akaenda soko la Toi kutafuta riziki kwenye mitumba. Robota linapofunguliwa, wenye pesa huwahi vitu vizuri, ambavyo wachuuzi huviita kamera. Mwishoni hubaki fagia, mabaki yanayouzwa kwa fungu. Katika fagia za mapazia na vitambaa vya meza, Nanjala alikuta vitu alivyovijua: majani mekundu yaliyoshonwa kwenye kamba, masuke ya ngano, vijitunda vya plastiki, maboga yaliyobonyea. Wachuuzi walikuwa wakiyatupa. Nani Nairobi ananunua majani makavu ya bandia, na yale ya kweli yako chini ya kila mti bure?

“Nilibeba gunia zima kwa mia mbili. Mwenye kuniuzia alinionea huruma. Alidhani kichwa imeshika moto.”

Hakuwa na wazimu. Alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Soko la Kenyatta halipo mbali na hospitali, na palipo na hospitali pana chumba cha maiti. Shada la maua halisi mjini linaanzia shilingi elfu tatu na mia tano. Nanjala alianza kuuza la majani kwa mia tisa.

“Maua freshi yananyauka kabla watu hawajamaliza kula chakula ya matanga,” anasema. “Hii yangu inapigwa na mvua mbili, bado iko. Mtu akirudi kuona kaburi ya mamake baada ya miezi sita, anaipata.”

Kazi yenyewe ni ya subira. Majani yakikaa robotani yamebanwa miezi kadhaa hutoka yamekunjamana kama karatasi iliyolowa, ndiyo maana kuna sufuria na mvuke. Duara la ndani ni waya uliozungushiwa majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa kamba ya katani. Juu yake jani moja moja, likilalia lenzake kama vigae. Mwisho huja utepe, na jina la marehemu lililokatwa herufi kwa herufi kutoka kitambaa cha dhahabu cha meza, nacho pia cha fagia.

Alhamisi ndiyo siku nzito. Ijumaa na Jumamosi watu huzika.

Nanjala ameyafunga mashada ya watoto ambayo duara lake si kubwa kuliko sahani. Mwaka 2021 alilifunga la mumewe, Joash, fundi wa mabomba aliyeugua wiki mbili tu. Ndugu walisema anunue kwingine, asijitese. Alikataa.

“Ningemlipa nani anifungie, na mimi ndiye fundi? Nilifunga. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniambia andika MUME, mkono unakataa. Naandika, lakini unakataa.”

Kuanzia hapo akawa na nia moja: kuondoka kwa wafu. Hakutaka kuacha ufundi, maana hana mwingine. Alitaka kupamba milango ya watu walio hai, kama alivyoona Lavington. Miaka miwili alimwambia kila aliyemsikiliza. Wengi walimwonea huruma, kama yule mchuuzi wa Toi.

Aliyekuja kumpa kazi ni Cate, msimamizi wa jengo la ghorofa sita upande wa Lavington, lenye nyumba ishirini na nne. Baadhi ya wapangaji wake ni wageni, wengine ni Wakenya walioishi ng'ambo. Waliomba milango ipambwe kwa majani ya msimu kama walivyozoea huko. Cate akapewa namba ya Nanjala. Wakakubaliana: shada moja kwa kila mlango. Kazi ikipendeza, jengo lote lingekuwa lake kila msimu, na mengine mawili ya mwenye jengo huyo huyo.

Nanjala alifunga kwa wiki tano. Katika wiki hizo hakuchukua kazi ya msiba hata moja. Wateja wa matanga aliwaelekeza kwa fundi mwingine wa Dagoretti Corner, na baadhi yao hawajarudi mpaka leo.

“Nilikuwa naimba,” anasema. “Uliza Ochola. Nilikuwa naimba mpaka ananiambia ninyamaze, nafukuza wateja.”

Siku ya kutundika ilikuwa Jumanne, mwishoni mwa Septemba. Walichagua asubuhi, watu wakiwa wameenda kazini, ili wakirudi washangae. Saa mbili Nanjala alianza ghorofa ya chini. Kufikia saa tatu na nusu milango yote ishirini na minne ilikuwa na shada. Cate alipiga picha. Nanjala akaenda kunywa chai kwa mlinzi wa lango.

Hakuna aliyekumbuka nyumba namba tisa.

Namba tisa alikuwa akiishi Kiarie. Siku hiyo alikuwa na wiki ya tatu hospitalini, figo zikiwa zimegoma. Hakuwa ameoa. Mama yake alikuwa ametoka Njabini kuja kumuuguza, na akawa analala kwenye nyumba ya mwanawe. Asubuhi hiyo Wangeci, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa ametoka mapema kumpelekea mwanawe uji. Alimwacha amelala. Saa nne akarudi kuoga na kubadilisha nguo. Akapanda ngazi polepole, macho yakiwa chini, akachunguza funguo, akainua uso.

Kulikuwa na shada mlangoni kwa mwanawe.

Nyumba namba kumi nayo ilikuwa nalo, lakini mtu aliye katika hali ile haangalii namba kumi. Wangeci aliketi kwenye ngazi. Simu yake haikuwa na chaji. Aliamini kwamba hospitali ilikuwa imepiga ikamkosa, kwamba jamaa walikuwa wameambiwa, kwamba kila mtu alishajua na yeye ndiye wa mwisho. Akalia kwa sauti ambayo Nanjala aliisikia akiwa langoni na kikombe mkononi.

“Nilidhani kuna kweli msiba,” anasema. “Hata mimi. Nilipanda mbio nikakuta yule cucu, mama mzee, amekumbatia magoti, na watu wamemzunguka. Nikaanza kumwambia pole. Mimi mwenyewe nikamwambia pole ya mtoto wake. Halafu akaonyesha mlango na kidole.”

Habari zilikimbia kuliko maelezo. Mfanyakazi wa namba saba aliwapigia wanawake wa kanisa analosali Wangeci. Wale wakaja na birika na viti vya plastiki. Kundi la WhatsApp la mazishi lilifunguliwa na kupata watu arobaini kabla ya saa sita. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alipiga simu ya marehemu, ili ampe pole yeyote aliyebaki nayo.

Sauti dhaifu ya mwanamume ikajibu.

“Ni simu ya marehemu Kiarie?” mama akauliza.

“Ni mimi Kiarie,” sauti ikasema. “Nani amekufa?”

Leo watu wa jengo hilo wanaisimulia kama kichekesho. Siku ile hakuna hata mmoja wao aliyecheka. Viti vilirudishwa kimya kimya. Cate aliamuru mashada yote yashushwe kabla ya saa nane, na wapangaji wale wale walioyaomba hawakufungua mdomo.

“Mama, ulitundika matanga nyumba nzima,” Cate alimwambia.

“Si ni wewe ulisema kila mlango?”

“Nilisema kila mlango. Nilisahau nani anapita.”

Cate hamlaumu tena. Amekubali kwamba makosa yalikuwa ya wote wawili: mmoja alizoea mapambo anayoyaona kwenye picha za simu, mwingine alizoea ya Lavington, na wote wakasahau kwamba kwa watu wetu wengi shada la duara lina kazi moja tu. Hata hivyo kazi ilivunjika. Yale majengo mengine mawili hayakutajwa tena.

Kabla ya kuondoka na magunia yake, Nanjala alikwenda kwa Wangeci na kunyoosha mkono. Mama alikuwa amenawa uso na anavaa viatu ili arudi hospitalini.

“Cucu, nisamehe. Sikujua kuna mgonjwa.”

Wangeci hakuupokea. “Umemtangulizia mtoto wangu,” alisema. “Ukatangulia kumzika.”

Maneno hayo Nanjala amelala nayo kila siku. Ni Mkristo, haamini mambo ya mkosi, na alimweleza mchungaji wake hivyo. Lakini kila asubuhi alimpigia Cate kuuliza kama Kiarie yuko hai. Siku ya kumi na moja Cate hakusubiri aulizwe. Alipiga yeye.

“Akili inajua ni figo,” Nanjala anasema. “Daktari alisema ni figo. Lakini moyo hausomi karatasi ya daktari.”

Mashada ishirini na matatu aliyafumua. Majani yake yameshazikwa Lang'ata, Thogoto, Bungoma na kwingine. Hakuwa na uwezo wa kuyatupa. La ishirini na nne, lile la namba tisa, hakuweza kulifumua wala kuliuza. Liko nyuma ya kibanda, ndani ya gunia la unga, limetundikwa msumarini.

Jumatatu Cate alipiga tena. Mama Kiarie anataka shada. Amesema litoke kwa huyo huyo.

Saa nne na dakika kumi, gari dogo linasimama kando ya barabara. Cate anashuka upande wa dereva. Wangeci anashuka upande wa pili, kitambaa cheusi kichwani, mkoba umebanwa kwapani. Ochola anapunguza redio bila kuombwa. Nanjala anasimama, anapangusa mikono kwenye aproni, hanyooshi mkono.

“Cucu, karibu.”

“Ndiyo hii?”

“Ndiyo hii.”

Wangeci analitazama shada jipya. Ni kubwa kuliko yale ya kawaida ya Nanjala, majani yake yamepangwa kuanzia njano hadi wekundu wa damu ya mzee, na jina KIARIE limekaa sawa katikati ya utepe. Ni kazi nzuri. Mama analigusa kwa ncha za vidole kama mtu anayepima joto la pasi.

“Si ile ya mlango?”

“Hapana, Cucu. Siwezi kukufanyia hivyo.”

“Ile iko wapi?”

Nanjala anamtazama Cate. Cate anatazama chini.

“Iko,” Nanjala anasema mwishowe. “Sikuiguza.”

“Ilete.”

Nanjala anaingia nyuma, anakaa huko zaidi ya inavyohitajika, anatoka na gunia la unga. Shada la mlangoni ni dogo. Halina utepe wala jina. Lina vijitunda viwili vya plastiki, na upande mmoja majani yamelala kwa kukaa guniani.

Wangeci analipokea kwa mikono miwili.

“Jioni ile walimwonyesha kwa simu,” anasema. “Alitaka kuona ni nini ilikuwa inaliza watu. Aliiangalia sana. Akaniambia, ‘Maitu, hata si mbaya.’ Alicheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona akicheka. Kwa hivyo hiyo nyingine kubwa ni nzuri, lakini haimjui. Hii ndiyo nimeshaililia.”

Nanjala anaomba aliwekee jina, dakika tano tu. Mama anakataa. Anaomba angalau apitishe majani yaliyolala kwenye mvuke. Hilo mama anakubali. Anakaa kwenye kigoda, mkoba mapajani, akimtazama fundi akinyoosha jani moja baada ya jingine. Cate anatoa pesa za shada kubwa na kuziweka chini ya mkasi. Nanjala anazirudisha. Cate anaziweka tena.

Wangeci anaposimama, ndiye anayenyoosha mkono. Hasemi kwamba amesamehe, na Nanjala hamuulizi. Wanashikana mkono wa kawaida, kama watu wanaoagana baada ya ibada.

“Tunazika kesho saa nane,” mama anasema. “Njabini ni baridi. Ukija, vaa.”

Gari linapoondoka, Nanjala analigeukia shada kubwa ambalo halina mwenyewe. Kisha anachukua kisu na kuanza kutoa herufi. K inang'oka kwanza, pamoja na uzi wake. Anasema ataenda Njabini. Ameshaazima koti.

Na baada ya Njabini, namuuliza, itakuwaje? Hapo anainuka, anatoa kitu kutoka chini ya meza. Ni mganda wa masuke ya ngano wa urefu wa mkono, umefungwa kiunoni kwa katani, na majani matatu mekundu yamechomekwa kwenye fundo. Hutundikwa vichwa chini. Amekuwa akiujaribu kwa wiki moja, mmoja tu, kwa masuke yaliyobaki kwenye fagia. Akipata uhakika atanunua ngano halisi kutoka Narok, ya bei ya chini, iliyobaki baada ya mashine kuvuna.

“Duara ni ya kaburi,” anasema. “Nilishindana na hiyo nikashindwa. Sitaki kushindana tena. Mlango nitautafutia kitu yake.”

Cate ameuona. Hakuahidi chochote. Alisema tu kwamba Desemba ipo, na kwamba kwanza autundike mahali watu wanapita aone watasema nini.

Nanjala anautundika kwenye nguzo ya kibanda, pale pale ambapo mashada hukaa kila asubuhi. Anarudi kwenye kigoda chake na kuendelea kung'oa herufi, akijifanya haangalii.

Ochola anapita na trei ya nyama. Anasimama. Anautazama mganda juu mpaka chini.

“Mama Ivyne, hiyo nayo ni nini? Umeanza kuuza ngano?”

“Ya mlango.”

“Ya mlango,” Ochola anarudia, anatikisa kichwa, anaenda kwa wateja wake.

Nanjala anangoja hadi afike mbali.

“Umesikia?” ananiambia kwa sauti ya chini. “Hajauliza ni nani amekufa.”